Lakrosi Mtwara: Mwongozo Kamili Kuanzia Ukutani Hadi Mechi ya Kwanza

Ukitaja lakrosi kijiweni Mtwara, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Hizo fimbo zinapatikana wapi?" Madukani mjini hutazikuta, na wengi wakishajua hilo huishia hapo. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa michezo, kijana wa mtaani au dada anayefundisha netiboli ambaye hataki kuishia hapo. Kwa wiki za mwanzo unahitaji ukuta, mipira ya tenisi, bomba la PVC na nyavu chakavu, na vyote hivyo vinapatikana kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini. Vifaa vya kununua vinakuja baadaye, na tena si kwa mpangilio ambao muuzaji angependa.

Mchezo wenyewe

Lakrosi huchezwa kwa mpira mdogo wa raba na fimbo yenye mfuko wa nyavu kichwani. Mpira unabebwa, unarushwa na kudakwa kwa fimbo. Mkono hauruhusiwi kuugusa, isipokuwa kipa anayeuzuia akiwa ndani ya duara lake. Aliyefunga mabao mengi ndiye mshindi.

Aliyecheza mpira wa kikapu atauelewa haraka, kwa sababu kuna pasi fupi za kasi, mshambuliaji kukata kuelekea goli, na mabeki kusaidiana mmoja anapopitwa. Mtu wa soka ana jambo moja la kusahau: uwanja hauishii kwenye mstari wa goli. Goli la lakrosi limesimikwa ndani ya uwanja, na nyuma yake kuna nafasi ya kuchezea. Mashambulizi mengi mazuri huanzia huko nyuma. Kipa analazimika kugeuza shingo kumtazama mwenye mpira, na kabla hajageuka vizuri, pasi imeshafika mbele.

Wenye mchezo huu ni wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, hasa Wahaudenosaunee, ambao kwao ni zawadi ya Muumba. Uliambatana na ibada, ulichezwa ili kuwaombea wagonjwa wapone, na ulitumika kumaliza ugomvi kati ya jamii. Wamisionari wa Kifaransa waliuona na kuuandika katika karne ya 17. Mwaka 1867 daktari wa meno wa Montreal, William George Beers, aliuwekea kanuni za maandishi, na mpira wa raba ukachukua nafasi ya ule wa ngozi. Kwa wanawake ulianzia katika shule ya St Leonards, Uskoti, mwaka 1890. Ulishindaniwa medali kwenye Olimpiki za 1904 na 1908, ukaonyeshwa tu bila medali 1928, 1932 na 1948, kisha ukatoweka. Oktoba 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliurudisha kwa ajili ya Los Angeles 2028.

Wahaudenosaunee bado wana timu yao ya taifa inayocheza kwa jina lao. Mwaka 2010 walikosa mashindano ya dunia yaliyofanyika Manchester kwa sababu Uingereza ilikataa hati zao za kusafiria, wao nao wakakataa kusafiri kwa hati za nchi nyingine. Waliotoa mchezo kwa dunia wakakaa nje ya mashindano yake. Huku kwetu, Uganda ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika mashindano ya dunia ya wanaume, Denver mwaka 2014, na Kenya nako unachezwa. Mchezo huu, basi, hauko mbali.

Aina ipi uanze nayo

Kuna lakrosi ya uwanja mkubwa, yenye wachezaji kumi kila upande: kipa, mabeki watatu, viungo watatu na washambuliaji watatu, kwenye uwanja wa takriban mita 100 kwa 55. Kuna ya ndani ya ukumbi, inayopendwa sana Canada. Halafu kuna lakrosi ya sita, yaani wachezaji sita kila upande pamoja na kipa, uwanja wa mita 70 kwa 36, robo nne za dakika nane nane, na timu inapewa sekunde 30 tu za kushambulia kabla ya kulazimika kupiga. Hii ndiyo itakayochezwa Los Angeles.

Anza na ya sita, wala usijiulize mara mbili. Kupata watu 20 wanaojua kudaka ni kazi ya mwaka mzima. Kupata 12 ni kazi ya muhula mmoja wa shule. Tena uwanja wake unaenea ndani ya kiwanja cha kawaida cha soka, nafasi ikabaki ya wanaosubiri kujifunzia.

Kabla ya fimbo, tuzungumzie mpira

Mpira halisi wa lakrosi ni raba ngumu isiyo na uwazi ndani. Uzito wake ni gramu 142 hadi 149, na upana wake ni sentimita 6 na kidogo. Wachezaji wa juu huurusha kwa kasi inayopita kilomita 160 kwa saa. Mpira huo ukimpata mtu kifuani, sekunde ile mbaya kati ya pigo moja la moyo na jingine, unaweza kusimamisha moyo hata kama mbavu hazijavunjika. Ndiyo maana kipa huvaa kinga ya kifua na ya koo, na wachezaji wa kiume huvaa helmeti yenye wavu wa chuma usoni.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya klabu yako iwe hii: mpira mgumu hauingii uwanjani mpaka kinga ziwe zimeingia. Ukiletewa mipira halisi na mgeni au rafiki, ifungie kabatini. Tumia mpira wa tenisi. Upana wake unakaribiana na ule wa lakrosi, ila una gramu 56 hadi 59 tu, na wepesi huo una kero yake: hauhisiki ndani ya mfuko, na unadundadunda kutoka.

Dawa ipo. Chana mpira wa tenisi kwa wembe, mpasuko wa sentimita mbili. Mimina kijiko kimoja cha mezani cha mchanga mkavu kilichojaa, kisha ziba kwa gundi na kiraka cha pancha ya baiskeli. Sasa una mpira wenye gramu 80 na kitu, usiodunda sana, unaotulia kwenye mfuko na usioweza kumvunja mtu meno kirahisi. Watengeneze wawili wawili, kila mmoja na wake. Kiraka hubanduka baada ya muda, hivyo kagua kabla ya mazoezi, maana mchanga machoni si mchezo.

Kutengeneza fimbo

Mtu anaweza kukushauri ukate dumu la lita tatu la mafuta ya kupikia, utumie sehemu yenye mshikio kama kikombe cha kudakia. Kwa watoto wa darasa la tatu siku ya kwanza ni sawa kabisa, wanacheka na wanadaka. Lakini dumu halina mfuko, na lakrosi yote imo kwenye mfuko. Wakubwa wapelekwe kwenye fimbo mapema.

Kwa fimbo moja tafuta bomba la PVC la maji la nusu inchi, urefu wa mita moja. Lile la kupitishia nyaya za umeme ni jembamba mno, litavunjika. Tafuta pia mti mnyoofu na mkavu wa unene wa mpini wa fagio, vipande vya tyubu ya baiskeli, skrubu mbili, kopo tupu la rangi la lita nne na kipande cha nyavu.

Jaza bomba mchanga mkavu hadi juu na uzibe ncha zote mbili kwa kitambaa. Mchanga huo ndio utakaozuia bomba lisijikunje na kubonyea. Fanya kazi hii nje, penye upepo, kwa sababu PVC ikiungua hutoa moshi mbaya. Lishikilie katikati yake juu ya jiko la mkaa, karibu shubiri moja kutoka kwenye makaa, ukiligeuzageuza bila kulikalisha mahali pamoja. Likianza kubadilika rangi kuwa kahawia umelizidishia moto. Litakapolegea, lizungushe kwenye kopo la rangi ukiwa umeshika kwa vitambaa vizito, kisha mwagia maji. Umepata upinde wa upana wa sentimita 17 au 18, na upana huo umo ndani ya vipimo vinavyokubalika.

Sasa pasha moto mikono miwili ya bomba iliyobaki, sentimita 15 kutoka kila ncha, na uivute ikutane. Kichwa kikipoa kinafanana na tone la maji lenye mikia miwili. Mwaga mchanga. Weka mpini katikati ya mikia hiyo, piga skrubu, kisha kaza kwa tyubu kuanzia juu hadi chini mpaka hakuna kinachocheza. Fimbo nzima iwe sentimita 101 hadi 107 kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa msingi, 90 zinatosha. Lainisha mpini kwa msasa na uzungushie utepe ncha ya chini, kwa sababu hapo ndipo mkono unapotelezea na hapo ndipo mtu huchomwa tumboni.

Mfuko

Hapa watu wa pwani tuna bahati ambayo wa bara hawana. Nenda wavuvi wanapokaa kushona nyavu, iwe Mikindani au Shangani, wakati vyombo vimetua na watu wametulia. Msalimie mzee shikamoo, keti kwanza, halafu omba kipande cha nyavu chakavu. Chagua chenye matundu ya inchi moja hivi: kidole gumba kipite, mpira usipite. Nyavu laini za dagaa hazifai, zinachanika. Omba pia akuonyeshe fundo lake. Fundo la mvuvi haliachii likilowa, na mfuko wako utalowa.

Toboa matundu kwa msumari wa moto kuzunguka kichwa, kila baada ya sentimita tatu. Funga nyavu kwa uzi wa nailoni kuanzia juu, upande wa upinde, na ibane vizuri huko. Kadiri unavyoshuka kuelekea mpini, ilegeze kidogo kidogo ili katikati ipatikane bonde. Kisha pitisha kamba mbili za viatu kukatiza upande wa juu, moja sentimita nne kutoka kwenye upinde na nyingine sentimita nne chini yake. Kamba hizo zinaonekana kama pambo, lakini ndizo zinazousukuma mpira utoke mbele badala ya kushika kwenye nyavu.

Kipimo cha kina ni rahisi. Weka mpira, inua fimbo ilale sawasawa usawa wa macho, na utazame kwa ubavuni. Kwa kanuni za wanaume, mpira mzima ukionekana umezama chini ya ubavu wa kichwa, mfuko umezidi. Kwa za wanawake ni kali zaidi: sehemu ya juu ya mpira lazima ionekane juu ya ubavu. Anayeanza afuate kipimo cha wanawake, hata kama ni mwanamume. Mfuko wa kina kirefu unabeba vizuri na kurusha vibaya, na anayeanza tatizo lake ni kurusha.

Mikono

Mkono wa juu unashika karibu na katikati ya mpini, wa chini unashika nchani kabisa. Siku zote mikono miwili. Ukimwona mtu anakimbia na fimbo mkono mmoja, msimamishe.

Kubeba. Mpira hautulii ndani ya mfuko kwa sababu umelala humo, unatulia kwa sababu unazungushwa. Kifundo cha mkono wa juu kinajikunja na kujikunjua, kikiviringisha fimbo kuelekea usoni na kurudi, na mwendo huo ndio unaougandamiza mpira kwenye nyavu. Mkono wa chini umelegea kama pete, fimbo inazunguka ndani yake. Kichwa cha fimbo kiwe karibu na sikio, si mbele ya kitovu ambako beki atakigonga. Zoezi: watembee kutoka goli hadi goli wakibeba, kisha mwendo wa pole, kisha mbio, halafu wabadilishe mkono. Mkono wa kushoto utaleta manung'uniko. Usiusamehe.

Kuokota. Mechi za wanaoanza zinaamuliwa chini, kwa sababu mpira unatumia muda mwingi ardhini kuliko kwenye fimbo. Wengi huusimamia juu na kuudonoa. Sivyo. Piga magoti yakunjike, mkono wa chini uteremke hadi karibu na nyasi, fimbo ilale, na upite juu ya mpira bila kupunguza mbio, mguu wako ukiwa kando yake. Ukishaingia, uvute usoni hapo hapo na uanze kubeba. Kabla ya kuokota, piga kelele "Mpira!" ili mwenzako ajue wewe ndiye unayekwenda, ukishaupata, "Ninao!" ili aache kumzuia mpinzani na aanze kukimbia. Timu isiyoongea inaokotana yenyewe kwa yenyewe.

Kurusha. Simama ubavu kwa unakolenga, mguu wa mbele uwe kinyume na mkono wa juu. Peleka fimbo nyuma, piga hatua, kisha mikono ifanye kazi mbili kwa pamoja: wa juu unasukuma mbele, wa chini unavuta kuelekea kwapani. Kichwa cha fimbo kiishie kimeelekea pale unapotaka mpira ufike. Mpira ukijipigiza chini mbele ya miguu yako, ama mfuko ni wa kina mno ama unaendelea kuvuta kwa muda mrefu. Ukipaa kwenda kwenye mnazi, umeuachia mapema na fimbo haikufuata.

Kudaka. Kosa la kila mtu ni kuupiga mpira unaokuja. Fimbo ipokee mbele ya bega, halafu irudi nyuma pamoja na mpira, kama mkono unavyoshuka na embe linaloanguka. Wasichana waliocheza rede wanajifunza hili haraka kuliko wavulana wa soka. Macho yao yameshazoea kuufuata mpira mdogo unaokuja kwa kasi.

Ukuta

Duniani kote hakuna zoezi la lakrosi linaloushinda ukuta. Tafuta ukuta usio na dirisha, na uombe ruhusa ya mwenyewe kabla ya kuanza, maana mlio wa mpira ukutani saa nane mchana utamkera yeyote. Simama mita tatu au nne. Rusha na kudaka mkono wa kulia mara 50, wa kushoto mara 50. Kisha kulia bila kubeba, mpira ukifika unarudi hapo hapo, mara 25, na kushoto vivyo hivyo. Malizia kwa kurusha kulia na kudaka kushoto. Jumla haifiki nusu saa.

Mchezaji mpya afanye hivyo siku nne kwa wiki, na asipelekwe kwenye mechi mpaka aweze kudaka 20 mfululizo mkono wake wenye nguvu bila kuangusha. Wapo watakaolalamika kwamba walikuja kucheza, si kujibizana na ukuta. Waonyeshe mechi ya watu wasiojua kudaka: dakika kumi za watu 12 wakifukuzana na mpira unaoviringika. Watarudi wenyewe.

Mahali, muda na misimu

Joto na unyevu wa pwani hii ndivyo vinavyopanga ratiba, wala si wewe. Saa kumi na nusu alasiri hadi magharibi ndiyo saa ya mazoezi. Maji yawepo kabla watu hawajafika, na kila robo saa watu wanywe hata kama hawana kiu.

Kiwanja cha shule chenye nyasi fupi ni bora. Changarawe inakwaruza kichwa cha PVC na magoti kwa pamoja. Mchanga mkavu wa ufukweni ni mbaya kwa kuokota, kwa sababu fimbo inachota mchanga kabla ya mpira, lakini maji yakitoka, ule mchanga mgumu wenye unyevu unaobaki wazi ni kiwanja kizuri ajabu: tambarare, hauumizi ukianguka, na upepo wa bahari upo. Siku za bamvua maji hutoka mbali sana, na unapata nafasi kubwa kuliko unavyohitaji. Tazama kupwa na kujaa kabla ya kupanga, usije ukahamisha magoli katikati ya robo ya tatu.

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, mahudhurio yatapungua, hasa ukiwa Tandahimba, Newala au Masasi, kwani watoto wanasaidia kuokota na wazazi wako mnadani au shambani. Usianzishe klabu mwezi huo. Mvua za Desemba hadi Aprili nazo zitakula siku zako. Mei hadi Septemba ndio wakati wa kujenga timu.

Kuhusu ruhusa: ukiwa shuleni, mwalimu mkuu kwanza. Ukiwa mtaani, mtendaji ajue, na afisa michezo wa halmashauri ajue mapema, kwa sababu yeye ndiye mlango wa kufikia Baraza la Michezo la Taifa siku mtakapotaka kusajili klabu. Mkoa wa Mtwara si mgeni wa wageni wa michezo. Mwaka 2021 ulipokea mashindano ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na za sekondari (UMISSETA), na maofisa wake wamezoea kuulizwa maswali ya viwanja. Uwanja wa Nangwanda Sijaona au Ilulu wa Lindi msiukimbilie. Jukwaa tupu linakatisha tamaa.

Kusimika goli na kuchora uwanja

Goli la lakrosi ni mraba wa mita 1.83 kwa mita 1.83. Mirunda miwili iliyonyooka na mmoja wa juu vinatosha. Nyuma vuta nyavu hadi kwenye kigingi kimoja, upate umbo la pembetatu. Chora duara la nusu kipenyo cha mita tatu kulizunguka. Mshambuliaji haruhusiwi kukanyaga ndani ya duara hilo. Uwanja wa kujifunzia uwe mita 50 kwa 30, na nyuma ya kila goli acheni mita nane za kuchezea. Majivu yanachora mstari vizuri kuliko chokaa.

Mechi ya kwanza

Kanuni kamili zina mambo mengi. Kwa wanaume kuna kugonga mwili kwa mwenye mpira, kutoka mbele au ubavuni, juu ya kiuno na chini ya shingo. Kuna kugonga fimbo kwa fimbo. Kosa dogo hukutoa nje sekunde 30, kubwa hukutoa dakika moja hadi tatu, na timu yako inacheza pungufu. Kwa wanawake kugongana miili hakuruhusiwi. Yote hayo yaacheni kabatini pamoja na ile mipira migumu. Mechi yenu ya kwanza ifuate haya:

Hakuna kugusana mwili, na hakuna kugonga fimbo. Beki anazuia kwa miguu: anakaa kati ya mwenye mpira na goli, fimbo juu, akimsukumia pembeni kwa kusimama tu.

Hakuna kipa. Kinga hazipo, kwa hiyo hakuna wa kusimama golini. Wekeni ubao wenye matundu kwenye pembe za juu na za chini, au bao lihesabiwe tu mpira ukidunda mara moja kabla ya kuingia. Hivyo mnacheza watano kwa watano.

Pasi mbili kabla ya kupiga. Bila kanuni hii, kijana mmoja mwenye mbio atabeba kutoka mwanzo hadi mwisho na wengine watakuwa watazamaji.

Kila robo inaanza kwa kugombea mpira katikati: wawili wanachuchumaa, fimbo chini, mpira kati yao, filimbi. Baada ya bao hakuna kurudi katikati. Aliyefungwa anaanzia golini kwake mara moja, na hapo ndipo utamu wa lakrosi ya sita ulipo, kwa sababu aliyesherehekea sekunde tatu amekwisha fungwa.

Kubadilisha wachezaji ni wakati wowote, bila kusimamisha mchezo: mmoja atoke kabisa ndiyo mwingine aingie. Badilisheni mara kwa mara, kwa joto hili.

Kwenye uwanja mkubwa kuna kanuni moja inayowachanganya wageni wote, nanyi mtaiona mkitazama mechi kwenye simu. Mshambuliaji akipiga mpira ukatoka nje, haupewi timu pinzani moja kwa moja kama goliki. Anapewa aliyekuwa karibu zaidi na mpira pale ulipovuka mstari. Ndiyo maana utaona mchezaji akikimbia nyuma ya goli kama anaufukuza mpira uliokwisha potea. Yuko kazini.

Refa awe mtu ambaye hajui soka sana. Si utani: refa wa soka atapuliza mpira ukienda nyuma ya goli, na itachukua mechi kadhaa kumtoa tabia hiyo.

Mkipata fedha

Klabu ikianza kupata michango, kishawishi ni kununua fimbo za dukani zenye rangi. Zisubiri. Nunueni kwanza seti moja ya kipa: helmeti yenye kinga ya koo, kinga ya kifua na glovu. Seti moja tu inatosha, makipa wa timu mbili watapokezana kwenye mazoezi ya kupiga. Pili, kinga za meno kwa kila mmoja. Mtu haazimi ya mwenzake, kila mtu na yake. Tatu, miwani ya kinga kwa wasichana, na kwa wavulana helmeti, ambazo ni ghali na ndizo zitakazowachukua muda mrefu. Hapo ndipo kabati la mipira migumu linafunguliwa. Fimbo za dukani zinakuja mwisho. Zile za PVC, zikitundikwa kivulini badala ya kuachwa juani zikapinda, zitawavusha hadi siku hiyo.